Mradi unakulipa, au wewe ndo unaulipa?

Barua za mwezi huu zimefanana kweli. Karibu kila mtu ana wazo, ana hela kidogo au ameahidiwa mkopo, na anauliza kitu kimoja tu, hivi hiki kitu kitalipa? Nimechagua nne. Bei zilizomo humu ni zile walizoandika wasomaji wenyewe kutoka huko kwao, na pale ambapo hawakuandika nimekadiria, kwahiyo we ukisoma weka za kwako, usije ukanishika shati baadae.

SWALI: Habari za kazi dada. Mi ni mwalimu, naishi Kibaha, nyuma ya nyumba nina uwanja wa kutosha. Kuna pidiefu imezunguka kwenye grupu letu la watsapu inaonesha kuku 500 wa mayai wanaingiza milioni 4 na nusu kila mwezi. Benki wameshanikubalia mkopo wa milioni 9 wa kukatwa kwenye mshahara, bado kusaini tu. Kifaranga huku ni 3,200, mfuko wa chakula wa kilo 50 ni 65,000, trei ya mayai dukani 9,000. Fundi wa banda kasema milioni 4. Mke wangu yupo nyumbani hana kazi. Nianze?

JIBU: Kaka yangu mwalimu, kalamu iweke chini kwanza. Sio kwamba kuku hawalipi, wanalipa, kuna watu wamesomesha watoto kwa mayai, ila hiyo pidiefu imekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Hiyo milioni 4 na nusu wameipataje? Nimeirudia hesabu yao: kuku 500 mayai 500 kwa siku, ambayo ni trei 16 na kitu (trei moja mayai 30), mara 9,000, mara siku 30, basi imeisha. Yani kila kuku anataga kila siku, hakuna aliyekufa, hakuna aliyegoma, na mnunuzi anakulipa bei ya dukani. Sasa kuku wa mayai hata awe wa mbegu nzuri namna gani, kileleni anafika asilimia 90 na kidogo, pale wiki ya 26 mpaka 30 hivi, alafu anashuka taratibu. Mi kwa kupanga huwa naweka 80, na kuku waliobaki hai naweka 480. Na hiyo 9,000 ni bei unayonunua wewe na familia yako, mwenye duka na yeye anataka chake, kwahiyo andika 8,000 na ushukuru ukiipata.

Hapo bado hatujafika kwenye kinachoua watu. Kifaranga hatagi. Utamlisha kuanzia siku ya kwanza mpaka wiki ya 18 au 20 bila kuona hata yai moja, na kwa muda wote huo kila kuku anamaliza kama kilo 8. Mara 500 ni kilo 4,000, mifuko 80, kwa bei yako ni milioni 5 na laki 2 ya chakula tu. Vifaranga milioni 1 na laki 6. Banda milioni 4 (na fundi akisema 4 jua ni 4 na nusu, mafundi tunawajua). Chanjo, dawa, maranda ya chini na mkaa wa kulelea vifaranga weka laki 5, vyombo vya maji na chakula laki 4, kijana wa kusaidia kwa 150,000 miezi mitano ni laki 7 na nusu. Jumla milioni 12 na laki 4 na nusu. Wewe una 9.

Sasa usiishie kusema "imepungua milioni 3 na nusu, nitatafuta", jiulize inaisha lini. Ukishalipa banda, vifaranga, vyombo na dawa umebaki na milioni 2 na nusu ya chakula na kijana, na kwa ulaji wa kawaida hiyo inakata kama wiki ya 11. Yani una kuku wa miezi miwili na nusu, wanakula kwa fujo, hawatagi, na ukitaka kuwauza huyo anayekuja kununua kuku wa umri huo anajua kabisa umekwama na bei atapanga yeye. Na wakati huo benki wameshaanza kukata mshahara tangu mwezi wa kwanza, kwahiyo hata ile ya kuchomoa mfukoni mwisho wa mwezi imeshapungua. Hapo ndo mtu anaanza kuchanganya pumba tupu, kuku wanadumaa, kutaga kunasogea mpaka mwezi wa saba, alafu anasema mbegu ilikuwa mbaya. Mbegu haikuwa na shida, hela ya chakula ndo haikufika kwenye yai la kwanza. Miradi mingi ya kuku niliyoona ikifungwa mabanda haikufungwa kwa sababu mayai hayana faida, ilifungwa kabla ya mayai.

Tuseme umefika. Kuku anayetaga anakula gramu 110 mpaka 120 kwa siku. Nachukua 110, kuku 480 ni kilo 53 hivi, yani mfuko mmoja na kidogo kila siku inayokucha, kama 68,600. Kwa asilimia 80 unaokota mayai 384, ni trei 12 na point 8, mara 8,000 ni 102,400. Kwa siku imebaki 33,800, kwa mwezi milioni 1 na kidogo. Toa kijana 150,000, toa umeme, maji, dawa na nauli ya kupeleka mayai weka 100,000. Imebaki 760,000. Wengi wanaishia hapo wanapiga makofi. Ila wale kuku hawadumu, baada ya mwaka mmoja na kidogo wa kutaga utawauza kama kuku wa nyama na utahitaji wengine, na kumfikisha kuku mmoja mpaka anataga kumekugharimu kama 16,000 na utamuuza labda 9,000. Hiyo tofauti ukiigawa kwa miezi ya kutaga, pamoja na waliokufa njiani, inakula kama laki 3 kila mwezi. Faida ya kweli ni laki 4 na nusu hivi. Sio mbaya! Lakini sio milioni 4 na nusu, ni sehemu ya kumi yake.

Alafu fanya jaribio moja ambalo pidiefu huwa hazifanyi. Shusha trei mpaka 6,500, maana mayai yakijaa sokoni bei hiyo inakuja. Kuku, ulaji na utagaji viache vile vile. Kwa siku unabaki na 14,600, kwa mwezi 437,000, toa laki 2 na nusu za kijana na mambo mengine imebaki 187,000, na ile laki 3 ya kuandaa kuku wapya haipo, umeingia hasara na bado kwa macho unaona hela inaingia kila siku. Hii ndo hatari ya mayai, yanakupa hela ya mkononi kila asubuhi kwahiyo hasara inajificha mpaka siku ya kununua vifaranga vingine unakuta boksi tupu.

Kwahiyo ningekuwa wewe ningeanza na 300. Vifaranga 960,000, chakula mpaka wiki ya 20 mifuko 48 ambayo ni 3,120,000, banda la mita za mraba 60 (kwa kuku watano kila mita) kama milioni 2 na laki 4, dawa na mkaa 350,000, vyombo 250,000. Jumla milioni 7 na elfu 80. Unabaki na karibu milioni 2 ya kulisha kuku 300 kwa siku kama 44 baada ya wiki ya 20, na utazihitaji, kwa sababu kuku hawaanzi kutaga wote siku moja kama wamepigiwa kengele. Kijana humhitaji kama mama watoto atakubali, ila muulize yeye sio mimi, na umwandikie mshahara wake kwenye hesabu hata kama humpi mkononi. Kusema "hana kazi" wakati unampangia kuamka saa 11 alfajiri kuosha vyombo vya maji, mhh.

Kuhusu soko, usiulize watu "mayai yanauzika?" kila mtu atasema ndio. Jioni kama saa 12 nenda kwenye vibanda vya chipsi, kaa, agiza chipsi mayai, uangalie chini ya meza kuna trei ngapi zimefunguliwa na ngapi zimefungwa. Muulize kijana kwa utani nani anamletea, anampa cash au mali kauli, akichelewa anamfanyaje, na mwezi wa Ramadhani anashuka mpaka trei ngapi. Ukipita vibanda kadhaa hivyo utajua kama kuna nafasi yako au kila kibanda kina mtu wake wa miaka yote. Akikwambia anachukua mali kauli na kulipa baada ya wiki, basi kwenye bajeti yako ongeza wiki moja nyingine ya chakula, maana kuku hawajui mali kauli. Chanjo za kideri na gumboro usiruke hata moja, na maji pia piga hesabu, kuku anakunywa kama mara mbili ya uzito wa anachokula na joto la huko Pwani linaongeza. Maji yakikata siku mbili mayai yanashuka na kurudi juu ni kazi.

Na makato, nenda benki uulize kama wanaweza kuchelewesha kuanza kukata kwa miezi sita. Wakikataa, weka rejesho kama mstari wa matumizi kuanzia mwezi wa kwanza, uone mshahara uliobaki unatosha nyumbani bila yai hata moja. Usipotosha, anza na 150 kwa akiba, mkopo uache huko huko.

SWALI: Shikamoo. Sisi ni kikundi cha akina mama 15 mkoa wa Singida. Tuna akiba milioni 4 na tunataka kuomba mkopo wa halmashauri milioni 12 tununue mashine ya kukamua alizeti. Hapa kijijini kuna mashine mbili tu na mwezi wa sita na wa saba foleni ni kubwa, watu wanalala pale. Kukamua ni 5,000 kwa gunia, gunia la alizeti tunanunua 60,000, lita ya mafuta 4,000. Tunaona tutarudisha haraka.

JIBU: Marahaba mama zangu, na hongereni, milioni 4 za akiba ya watu 15 sio mchezo. Foleni ya mwezi wa saba isiwachanganye lakini. Nendeni mkaziangalie hizo mashine hizo hizo mwezi wa kumi na moja. Kama milango imefungwa na kuku wanadonoa uwani, mmeshapata nusu ya jibu bila kulipa mtaalamu yeyote.

Hesabu ya mashine inaanzia kwenye magunia sio kwenye mashine. Pigeni kwa makadirio: wakulima wote wanaoweza kufika kwenu wanavuna magunia mangapi? Tuseme 1,500. Nusu yake walanguzi wanakuja na malori wanabeba ikiwa shambani. Imebaki 750, mashine zitakuwa tatu, mkigawana sawa ni 250. Mashine ya kawaida inakamua labda 30 kwa siku, kwahiyo kazi yenu ya mwaka mzima ni siku nane au tisa. Mara 5,000 mmepata milioni 1 na laki 2 na nusu, hapo bado umeme, mwendeshaji na vipuri. Mashine ya milioni 16 kwa hela hiyo mtairudisha wajukuu wakiwa wanakikundi. Magunia yenu yanaweza kuwa mengi kuliko haya niliyotaja, kahesabuni, ila njia ndo hiyo.

Wanaopata kwenye alizeti wananunua mbegu wakati wa mavuno bei ikiwa chini, wanahifadhi, wanakamua kidogo kidogo, wanauza mafuta miezi ambayo hakuna. Hiyo inataka hela ya kununulia magunia kuliko hela ya chuma. Sasa mnaweza kuijaribu bila mashine kabisa. Chukueni sehemu ya akiba mnunue magunia 40 mwezi wa sita, ni milioni 2 na laki 4. Kamueni kwa jirani cash, 200,000. Madumu ya lita 20 na usafiri weka 270,000. Mmetumia 2,870,000. Gunia la kilo 65 likitoa lita 17 mna lita 680, kwa 4,000 ni 2,720,000. Mmeona? Kwenye mafuta peke yake mmepata hasara ya laki 1 na nusu! Kinachowaokoa ni mashudu, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua, kama kilo 40 kwa kila gunia, kilo 1,600, wafugaji wakinunua kwa 400 hiyo ni 640,000, na ndo faida inakuja, 490,000. Kwahiyo mkikubali ile ya kukamuliwa "bure" na mwenye mashine abaki na mashudu, mmempa yeye mradi. Na mkisubiri bei ya mafuta ipande mpaka 4,500 hapo mnaanza kucheka, ila hakuna anayewahakikishia, maana hii bei inaamuliwa mbali na Singida. Mnakumbuka serikali ilivyopunguza ushuru wa mafuta ya kula kutoka nje kwenye bajeti ya 2022/23, alizeti ikaporomoka na wakulima wengine wakaachana nayo.

Mkopo wa halmashauri hauna riba, na kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 ni za wanawake, ni haki yenu kabisa, mkauombe. Ila rejesho halisubiri alizeti ikauke, kwahiyo kaeni na afisa maendeleo ya jamii mpange marejesho yaangukie miezi ambayo mnauza. Na kabla ya kuzungumzia mashine yoyote, ulizeni TANESCO kama umeme wa fezi tatu umefika hapo mnapotaka kuiweka, na kama haujafika nguzo ni ngapi na nani analipa. Vikundi vingine vimenunua mashine ikakaa imefunikwa turubai inasubiri umeme.

SWALI: Hujambo dada, nasoma jarida lenu nikiwa Thika. Kuna kampuni inatuuzia sungura wa kuzalisha, dume moja na majike kumi, na inatupa mkataba kwamba itanunua watoto wote kwa bei nzuri. Chama chetu, yani kikundi chetu, kimeingiwa na moyo sana. Unaonaje?

JIBU: Sijambo ndugu yangu. Swali langu kwa hiyo kampuni ni moja, hao watoto wa sungura itakaowanunua kwenu wanaliwa na nani? Sio nani anawanunua, nani anawala. Hoteli gani, bucha gani, mji gani. Kama jibu ni kwamba watoto wa sungura wenu watauzwa kwa chama kingine kinachoanza, hapo hakuna soko la nyama, kuna soko la wafugaji wapya, na wafugaji wapya wanaisha.

Hapo kwenu Kenya hili mmeshaliona kwa kware, 2013 kuingia 2014. Mayai madogo yale yaliuzwa bei ya ajabu, watu wanasema yanatibu kila kitu, kila mtu akakimbilia KWS, shirika la wanyamapori, kutafuta leseni. Tatizo kware anaanguliwa kwa siku 17 au 18 tu na akifika wiki ya sita, ya saba anataga, kwahiyo miezi michache tu kila mtaa una mayai na mlaji hakuongezeka. Bei ikaanguka mpaka watu wakawa wanawala wenyewe. Kitu kinachozaliana haraka hivyo, hiyo bei nzuri ya leo usiipange kwenye hesabu ya mwakani. Sungura na yeye anabeba mimba mwezi mmoja tu.

Nyie fanyeni hivi, nendeni wawili watatu mjini mkauze sungura mliowachinja wenyewe, kumi tu, mnunue hata kwa jirani. Mkishindwa kuuza kumi bila kampuni, mkataba ule ndo soko lenu lote, na siku kampuni ikifunga ofisi mtabaki na vizimba.

SWALI: Dada nataka kuanza kutengeneza sabuni ya maji hapa Mbeya, kuna kijana anataka laki 3 kuniandikia upembuzi yakinifu, yani andiko la kuonesha kama mradi utalipa. Ni lazima?

JIBU: Kwa benki au halmashauri watakuomba andiko, ndio. Kwa ajili yako mwenyewe, hapana, tena hayo ya laki 3 mengi ni moja tu linabadilishwa jina, niliwahi kusoma andiko la mradi wa samaki ukurasa wa sita likasema "kuku watachanjwa kwa wakati". Hiyo hela nunua malighafi, tengeneza madumu machache ya lita 20, peleka kwenye saluni, migahawa na hosteli kwa bei ile ile utakayouza siku zote, usiwape ya bure maana ya bure kila mtu ataisifia. Andika siku uliyompa kila mmoja. Alafu kaa kimya, usiwapigie, uone wangapi watakutafuta wenyewe kuagiza lingine na baada ya siku ngapi. Hizo siku ndo zitakwambia utauza madumu mangapi kwa mwezi. Wakikutafuta wa kutosha nenda SIDO, wale wa viwanda vidogo, wakuelekeze mambo ya TBS, wale wa viwango vya ubora, na hilo andiko nitumie nikusaidie kulipitia, sitaki hata mia.